Kabla Ardhi Haijaganda

Tacoma, 25 Septemba 1988

Mdogo wangu Orvin,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Ardis, na Selmer Aune kama bado yupo, maana kila mwaka nasikia anakufa na kila mwaka nasikia amekuja kwenu kunywa kahawa. Huku mvua imeanza mapema. Binti yangu Lorraine hajambo, ila kazi zimembana. Huja Jumapili na kuondoka kabla sijamaliza kummiminia chai. Tangu Anton wangu afariki nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi, nimefunga vyumba viwili nisihangaike kuvifagia. Nyanya zimezaa ajabu mwaka huu na sina wa kumlisha.

Sasa nije kwenye neno langu. Nimelizungusha wiki mbili, na limenichosha kabla sijaliandika. Lile tumbo nililokwambia wakati wa Pasaka si vidonda. Daktari, kijana mmoja mwenye mikono ya baridi, amesema Krismasi. Hakusema Krismasi ipi, lakini sote wawili tulielewa.

Orvin, nataka kuzikwa nyumbani. Miaka arobaini na miwili nimetoka kwenye kaunti hiyo lakini utaratibu wenu sijausahau. Jumapili ya pili ya Oktoba kamati ya makaburi inakaa kwenye chumba cha chini ya kanisa la Bethania, mnakunywa kahawa, mnakadiria ni wangapi wataondoka kabla theluji haijayeyuka, kisha wewe unachimba mashimo hayo ardhi ingali laini, unayafunika kwa mbao na majani makavu. Basi mwaka huu ongeza moja. Upande wa mashariki wa mama, pale palipobaki wazi. Anton nitakuja naye, majivu yake yamo kwenye kopo la kahawa juu ya friji, hatachukua nafasi. Najua ni Mkatoliki. Mchungaji msimwambie.

Usilie, na usinipigie simu. Kwenye simu wewe huzungumzia hali ya hewa tu. Niandikie neno moja: nimechimba. Nikilipata hilo nitapumzika.

Dada yako,
Borghild


Nesheim, 12 Oktoba 1988

Dada Borghild,

Barua yako ilifika. Niliisoma ndani ya gari nje ya posta, nikakaa humo mpaka Verna wa posta akatoka kuuliza kama gari limegoma. Nikamwambia ndiyo.

Ardis anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua, ngazi anazipanda kwa kupumzika. Ukame umetumaliza, dada. Ngano haikufika hata magotini. Tulivuna siku nne tu, mashine ikarudi bandani imebeba vumbi kuliko punje. Akina Skogstad wameuza ng'ombe wote wakahamia mjini. Na shule ya Nesheim imefungwa. Watoto kumi na mmoja waliobaki wanapelekwa ng'ambo ya mto, Neudorf, kwa Wajerumani. Baba angelisikia hilo angefufuka atulaani.

Kamati ilikaa Jumapili. Tulikuwa wanne, maana wa tano alikuwa Teigen na ndiye tuliyemzika Mei. Unakumbuka hakuna anayetaja jina. Kila mtu aliandika idadi yake kwenye kikaratasi, tukavitia kwenye kikombe, tukakubaliana matatu. Moja liko kando ya Gudrun, marehemu mkewe Selmer. Huu ni mwaka wa tano namchimbia Selmer, na kila Mei nalifukia tupu. Alikuja mwenyewe na fimbo yake akachungulia, akasema, "Orvin, mwaka jana lilikuwa pana zaidi. Unanibania?" Nikamwambia, "Umekonda, mzee." Akacheka mpaka nikaogopa litapata mtu palepale.

Jambo jingine. Mwakani jimbo linatimiza miaka mia, na kila kaunti inatoa kitabu chake. Akina mama wa mahakamani, kwenye ofisi za kaunti, wamenitwisha mimi kurasa za upande wetu wa kaskazini, eti kwa kuwa najua kila mtu alipolala. Wanazitaka kabla ya Mei. Mimi na kalamu wapi na wapi? Nisaidie, dada. Barabara yetu ilikuwaje ulipokuwa msichana, kuanzia darajani hadi kwetu, nani alikaa wapi? Andika taratibu, hakuna haraka.

Ndugu yako,
Orvin

Lile jambo lako nimelisoma.


Tacoma, 20 Oktoba 1988

Orvin,

Salamu kwa wifi, mwambie goti alifunge kwa flaneli na aache kusikiliza ushauri wa redio. Lorraine amenisaidia kuchuma nyanya za mwisho. Nimepungua kidogo, nguo zinanicheza.

"Hakuna haraka." Wewe mtu una vituko!

Haya, barabara yako hii hapa. Ukivuka daraja la Mto Alder unaanza na Skogstad, nyumba nyeupe, wasichana sita na kinanda kimoja, kila siku ugomvi. Halafu akina Aune. Halafu Abdo Hassin, Msiria aliyekuwa akiuza vitambaa. Alikuwa akiswali kando ya ghala lake, na baba, ambaye hakumvumilia hata Mkatoliki, alikuwa akipunguza mwendo wa farasi asimsumbue. Mpaka leo sijaelewa. Halafu barabara inapinda ghafla kulia, kisha kushoto, pale kwa Teigen, ambapo wapima ardhi waligundua kwamba dunia ni duara na mistari yao haikutani. Mgeni asiyejua anaishia kwenye alizeti za Teigen. Halafu sisi. Nyumba kumi na nne nilizihesabu kila siku nikienda shule. Sasa zenye watu ni ngapi, yako na ya Selmer?

Uandike pia kwamba kabla ya wote hao walikuwapo Wahidatsa, wenyeji wa asili. Baba alikuwa akilima, anaokota vichwa vyao vya mishale, anavitia mfukoni, halafu mezani anatuambia ardhi hii haikuwa na mtu.

Na huyo Merritt ambaye kaunti imepewa jina lake alikuwa bwana wa reli, hakukanyaga hapo hata siku moja. Nadhani aliona picha.

Sasa nisikilize. Umejaza kurasa mbili na shimo langu hukuligusa. Matatu, unasema. Mimi ni wa nne, au nimo ndani ya hayo matatu? Kama ni ule mstari wa baba, sema. Mama aliniandikia yote. Mwaka ule wa 1946 nilipokwenda kuolewa na Anton, baba alifungua daftari la makaburi pale mezani, akalikata jina langu kwa wino mwekundu, akasema Bethania haina nafasi ya huyu. Wewe ulikuwa umekaa hapohapo unakula. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, Orvin, si mtoto. Sasa daftari liko mikononi mwako na baba ana miaka ishirini na saba kaburini. Bado unamwogopa?

Borghild


Nesheim, 3 Novemba 1988

Dada,

Hatujambo. Ardis amepika lefse za kwanza za msimu, ile mikate myembamba ya viazi, amesema zile za mama zilikuwa nyembamba zaidi, nami nikaendelea kula kama mtu mwenye akili.

Asante kwa barabara. Nimeiandika kama ulivyoisema, na Wahidatsa nimewatia mwanzoni kabisa. Akina mama wa mahakamani wamekunja uso kidogo. Sasa nipo kwenye ile habari ya sefu. Nimeandika hivi: mwaka 1909 Wajerumani wa Neudorf walikuja na sleji mbili za theluji zinazokokotwa na farasi wakaiba sefu la kaunti na madaftari yake, ili makao makuu yahamie kwao. Katikati ya mto barafu ikapasuka, sefu likazama na hati za ndoa za kaunti nzima. Mwaka mzima hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ameoa. Ni kweli babu aliwafukuza na bunduki isiyo na risasi, au hayo ni maneno ya Selmer?

Kijiko cha kuchimbia cha trekta langu kimeharibika. Ni bomba la mafuta. Kipuri nimeagiza Minot.

Si mambo ya baba. Ardhi bado laini.

Orvin


Tacoma, 9 Novemba 1988

Orvin,

Barua fupi leo, kalamu imekuwa nzito.

Bunduki ilikuwa na risasi. Babu ndiye aliyekuwa mlevi.

Mimi nimezaliwa hapo, usinifanye mgeni. Ikifika Sikukuu ya Shukrani ardhi ya Merritt hailiwi na koleo. Zimebaki wiki mbili. Kama kijiko kimekufa kuna mikono, na kama mikono haiwezi kuna kijana wa Skogstad mwenye trekta. Au niambie hapana, nijue moja. Lorraine anataka kuninunulia mahali hapa Tacoma, kwenye kilima cha watu nisiowajua, kando ya barabara kuu. Kila Jumapili ananiuliza. Namwambia ndugu yangu anashughulikia.

Tafadhali, Orvin. Sijawahi kukuomba kitu.

B.


Nesheim, 19 Novemba 1988

Dada Borghild,

Nimechimba.

Upande wa mashariki wa mama, kama ulivyotaka. Futi tano na nusu, pembe zimenyooka. Juu kulikuwa na mizizi ya mti wa maua ya lailaki ulioota miaka hii, nimeikata kwa shoka bila kuua mti. Udongo wa chini ni mzuri, wa manjano, hauna jiwe. Nimefunika kwa mbao nene za ghala la zamani, juu yake majani makavu marobota manne, juu yake turubai, na turubai nimelifunga kwa kamba na vigingi sita. Hata upepo wa Januari hautaliondoa.

Mwambie Lorraine aache kile kilima.

Ardis anakusalimu. Baridi imeanza.

Orvin


Tacoma, 1 Desemba 1988

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mweupe kabisa, wewe na wifi na Selmer na kila aliye hai kwenye barabara ile. Barua yako naiweka chini ya mto. Nimemwambia Lorraine basi, nyumbani pananingoja, akalia, kisha akanisuka nywele.

Hujui umenipa nini. Usingizi uliokuwa umenikimbia umerudi. Maumivu yapo, sitakudanganya, lakini yananikuta nimetulia. Namwona mama upande mmoja na ile lailaki juu. Miaka yote hii nilijidai sijali baba alichofanya. Nilijali, Orvin. Kila barua niliyopata kutoka huko niliifungua nikitafuta mtu mmoja aseme rudi. Wewe umesema kwa koleo, na ni sawa, hujawahi kuwa mtu wa maneno.

Nakutumia kahawa kilo moja, ile aliyoipenda Anton. Unywe ukinikumbuka.

Asante. Asante sana.

Dada yako,
Borghild


Nesheim, 8 Januari 1989

Dada Borghild,

Heri ya mwaka mpya. Lorraine alimwambia Ardis kwenye simu kwamba Krismasi uliketi mezani na kula kidogo. Tulifurahi sana. Huku ni digrii ishirini na nane chini ya sifuri, greda la theluji limepita mara moja tu wiki hii.

Kahawa yako ilifika. Sijaifungua. Siwezi.

Sikuchimba, dada.

Nilikwenda tarehe kumi na nne Novemba, asubuhi. Kijiko hakikuwa na ubovu wowote, hakuna kipuri nilichoagiza Minot. Nilipima, nikachomeka vigingi vinne, nikafunga kamba. Nikapanda trekta, nikashusha kijiko mpaka kikagusa nyasi. Halafu nikazima injini. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikang'oa vigingi, nikarudi nyumbani. Nimechimbia watu mia mbili na kumi na sita kwenye kaunti hii. Nilimchimbia baba, nilimchimbia mama, nilimchimbia mtoto wetu mimi na Ardis, na jioni yake nilikula chakula changu. Hili lako mkono ulikataa. Niliona nikichimba ndiyo nimekupangia siku. Nikiacha, labda huyo daktari wako kakosea. Ndiyo akili ya mzee wa miaka sitini na mmoja hiyo.

Mambo ya baba hayamo. Wiki ile tuliyomzika, mwaka 1961, nilifungua daftari nikaandika jina lako upya, juu kidogo ya ule mstari mwekundu. Lipo tangu siku hiyo. Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ungeniuliza kwa nini siku ile mezani sikufungua mdomo, na jibu sina. Nilikuwa nakula viazi.

Sasa ardhi imeganda futi nne kwenda chini. Ukiondoka nitaichoma kwa makaa na majani siku tatu usiku na mchana, kama walivyomfanyia babu, mpaka ilainike. Nitafanya, naapa. Nilimwambia Selmer. Anasema nikupe shimo lake, yeye haoni dalili ya kulihitaji.

Uongo nimewahi kusema, sikuwahi kushukuriwa kwa ajili yake. Ile asante yako nairudisha. Nisamehe.

Orvin


Tacoma, 20 Januari 1989

Mwongo we!

Nilijua. Selmer alipiga simu siku nne kabla ya Krismasi kutoa pole, akidhani nimeshakufa. Nilipopokea mwenyewe akakata. Akapiga tena, akauliza, "Ni wewe kweli?" Nikamwambia ni mimi, labda ana namba ya peponi. Ndipo akaniambia, "Mbona kwa mama yako ni nyasi na theluji tu, wala kijiti hakuna?"

Nililia, Orvin. Kisha nikakutukana kwa Kinorwe mpaka Lorraine akafunga mlango. Siku tatu sikutaka kusikia jina lako. Siku ya nne ilikuwa Krismasi, nikaamka nikaona nipo. Nikala kipande cha samaki. Daktari ameshangaa, amepima tena na kushangaa tena.

Mwambie Selmer asante kwa ukarimu wake, lakini kulala kati yake na Gudrun hapana. Hata nikiwa maiti nina heshima zangu.

Na makaa usithubutu. Mama alinisimulia mazishi ya babu: moshi siku tatu, wanaume wakipokezana, na Skogstad mkubwa akaondoka na homa ya mapafu wakamzika naye. Kifua chako nakijua. Sitaki mtu afe kwa ajili ya kunizika. Kwa hiyo nifanye nini? Nimefungwa. Itabidi nisubiri ardhi yako ilainike, mimi mwanamke wa kilo arobaini na moja. Sijui nikushukuru au nikuchape.

Lakini nikwambie lililoniuma kweli, na si shimo. Jina umelirudisha mwaka 1961. Mama amekufa 1971. Miaka kumi, Orvin! Miaka kumi nilikaa huku nikijua nimekatwa, na mama yuko hai, na mimi nina gari. Nilikuja kumwona akiwa ndani ya sanduku. Mstari mmoja tu ungeniandikia. Hilo nimelisamehe jana, leo asubuhi nimelikuta halijasameheka, na nitajaribu tena kesho.

Borghild


Nesheim, 26 Februari 1989

Dada,

Ile miaka kumi nimekesha nayo. Nimeandika barua mbili kuijibu, zote nimezitia jikoni kwenye moto. Ulichosema ni kweli. Ningeandika mstari mmoja ungekuja, mama angekuona. Nilimwona akikaa dirishani na bado sikuandika.

Habari ni kwamba Selmer ametutoka. Alikuwa kwetu Jumanne akinywa kahawa, hiyo ya Anton, nimeifungua kwa ajili yake. Akasema ni kali, ya Kikatoliki. Jumatano hakuja, nikaenda kumwangalia, amekaa kwenye kiti na buti miguuni. Shimo lilikuwa tayari. Tulitoa theluji na mbao, likamtosha vizuri, halikumbana. Sasa taa kwenye barabara yetu ni moja.

Kurasa za kitabu zimefika sita. Nimewatia akina Skogstad na kinanda chao, Abdo Hassin, sefu, shule. Nilipohesabu watu wa kaunti kwa miaka, nikaona mwaka 1930 walikuwa elfu tisa na sasa hawafiki elfu mbili, nikaiweka kalamu chini nikatoka nje. Nimechoka, dada. Kila ninayemwandika nilimzika mimi.

Wewe Krismasi imekupita. Januari imekupita, Februari inaisha. Lorraine anasema hakuna aliyetarajia. Kitabu kinatoka Juni, kutakuwa na maandamano ya matrekta na chakula chini ya kanisa. Umefika Februari, kwa nini usifike Juni? Mimi nakuomba Juni tu. Ungekuja kwenye kiti cha magurudumu ukaisome barabara yako.

Orvin


Tacoma, 2 Aprili 1989

Mjomba Orvin,

Anayeandika ni Lorraine, maneno ni ya mama. Amenikataza kubadili hata moja.

Orvin. Usiniombe Juni.

Umenisoma vibaya. Unadhani nimebaki kwa sababu nimepata nafuu. Mimi nimebaki kwa sababu sina pa kwenda. Kila asubuhi nikifungua macho namuuliza Lorraine huko Merritt ni digrii ngapi, anatafuta gazetini, ananiambia, nami najua siku nyingine hiyo. Sili tangu wiki iliyopita. Nageuzwa kitandani na watu wawili. Huyu mtoto ameacha kazi ili anishike mkono, naye ana maisha yake.

Najua hutaki. Mimi nilikuwa dada yako kabla ya kuwa kitu kingine chochote, najua unavyotaka. Ulipokuwa mdogo hukukubali nizime taa mpaka nikuambie hadithi nyingine, na nyingine, na mimi nikisinzia. Nilikuvumilia. Miezi hii pia nimekuvumilia. Lakini nimechoka, Orvin, nimechoka mpaka kwenye kucha.

Ile miaka kumi nimekusamehe. Safari hii imekaa, nimeiangalia asubuhi tatu.

Chimba.

(Mjomba, nami nakuomba. Hataki dawa ya kumlaza mpaka apate barua yako. Lorraine.)


Nesheim, 19 Aprili 1989

Dada yangu Borghild,

Nimechimba. Lorraine akitaka kuhakikisha amuulize Ardis, au Verna wa posta, au mchungaji, wote walikuja kuona.

Nilianza Jumapili baada ya ibada. Kijiko sikukitumia. Ardhi ni tope, kingezama, na hata isingekuwa tope nisingekitumia. Nilichimba kwa koleo siku tatu. Juu kulikuwa laini, katikati nikakuta barafu ya unene wa mkono nikaivunja kwa sululu, chini udongo mkavu wa manjano. Hakuna mzizi wa lailaki, ile niliitunga. Hapo hakuna mti wowote, lakini nitapanda. Niliumia mgongo, kifua hakijambo. Ardis aliniletea kahawa, akakaa ukingoni na goti lake amelinyoosha mpaka nilipomaliza. Alisema, "Pazuri."

Wakati wa kuchimba nilikuwa nikiongea na wewe. Nilisema yote niliyotakiwa kusema pale mezani, kwa sauti, kwa Kinorwe, mbele ya baba. Kwamba usimkate, baba. Kwamba ni dada yangu. Nilichelewa miaka arobaini na mitatu, lakini nilisema na nilimtazama alipolala wakati nasema. Mchungaji alikuwa amefika getini, akarudi nyuma. Habari za Anton nimemwambia huyo mchungaji. Amesema yeye makopo ya kahawa huwa hayafungui.

Jana nilishuka nikalala humo kidogo kuona kama panatosha. Panatosha. Upepo haufiki kule chini, na kimya chake ni kizuri.

Kurasa nimezipeleka mahakamani. Barabara yote imo kama ulivyoisema, na chini yake nimeandika kwamba imesimuliwa na Borghild, binti wa barabara hiyo.

Sikuombi Juni. Sikuombi hata wiki. Meza dawa wanayokupa, umshike Lorraine mkono, ufumbe macho. Sitaki uende, dada, na sitaki usubiri tena. Njoo nyumbani.

Orvin